Gurudumu la Nyuma Kwanza: Kuboresha Magurudumu ya Baiskeli ya Gia Kisii na Nyamira

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, gurudumu la nyuma la baiskeli huchoka mapema kuliko la mbele. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nyamira uko juu zaidi, na ardhi inayoizunguka miji hiyo ni kupanda na kushuka: ukingo wa Manga, kilima cha Sameta, mabonde ya vijito vinavyoteremkia mito ya Gucha na Sondu. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye tairi na raba za breki. Ukikauka, barabara za changarawe zinazokwenda kwenye vituo vya kununulia majani ya chai hubaki na mashimo na mawe yaliyochomoza. Juu ya hayo kuna mzigo. Mkungu wa ndizi au gunia la maparachichi hufungwa kwenye keria, na keria imekaa juu ya gurudumu la nyuma, ambalo tayari limebeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwendeshaji na ndilo linalopokea nguvu ya miguu kupitia mnyororo.

Kwa hiyo mwenye baiskeli ya gia anayetaka magurudumu bora kwa pesa kidogo ana mahitaji tofauti na ya mshindani wa mbio. Mshindani hulipia wepesi. Hapa kinachostahili kulipiwa ni uimara, breki zinazoshika mvuani, na gurudumu ambalo fundi wa Keroka au Ogembo anaweza kulitengeneza kwa vipuri vilivyo sokoni.

Kipimo ndicho cha kwanza kujulikana, na ndicho huwapotezea watu pesa nyingi. Baiskeli za milimani zilianza kuundwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, na gurudumu la inchi 26 likawa kipimo chake cha kawaida kwa miongo mitatu. Baadaye viwanda vikubwa vilihamia inchi 29 na inchi 27.5, na baiskeli nyingi za inchi 26 zikaingia katika biashara ya mitumba. Hilo ni jambo jema kwa mnunuzi wa kawaida, kwa sababu tairi na tyubu za kipimo hicho bado zinapatikana kwa urahisi. Ila inchi ni jina tu. Kipimo cha kuaminika ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na huchapwa ubavuni mwa tairi kwa milimita. Tairi la mlimani la inchi 26 lina namba 559, la 27.5 lina 584, na la 29 lina 622. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 lina namba 590, na haliwezi kukaa kwenye rimu ya 559 hata kwa nguvu. Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya mizigo, kwa kawaida huvaa inchi 28 yenye namba 635, kwa hiyo rimu yake haifai baiskeli ya inchi 29 ijapokuwa kwa macho zinakaribiana.

Baada ya kipenyo, upana wa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Nafasi kati ya ncha za uma wa mbele katika baiskeli nyingi za zamani ni milimita 100, na kwenye fremu ya nyuma ni milimita 135. Baiskeli mpya zaidi hutumia ekseli nene inayopenya moja kwa moja kwenye fremu, na gurudumu la aina moja haliingii kwenye fremu ya aina nyingine. Breki nazo huamua. Breki za raba zinahitaji rimu yenye kuta laini zilizosawazishwa kwa ajili ya kubanwa. Rimu nyingi za breki za diski hazina kuta hizo. Breki za diski zinahitaji habu yenye mahali pa kufungia diski, na fremu yenye mahali pa kufungia breki yenyewe. Kununua gurudumu la diski kwa fremu isiyo na nafasi hiyo ni hasara tupu.

Tofauti kubwa zaidi ya ubora imejificha ndani ya habu ya nyuma. Katika gurudumu la bei ya chini, sproketi zote na utaratibu wa kuzunguka bure vimeunganishwa kuwa friwili moja, ambayo hufungwa kwa hesi kwenye habu. Mpangilio huo huisukuma beringi ya upande wa mnyororo ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli nyembamba hubaki bila tegemeo. Kwenye barabara tambarare mtu anaweza kuitumia miaka mingi bila taabu. Kwenye mteremko wenye mashimo, na gunia likiwa nyuma, ekseli hupinda kidogo kidogo, gurudumu huanza kuyumba, kisha siku moja ekseli hukatika. Katika habu ya kaseti (sproketi peke yake, zinazovalishwa juu ya habu) ya aina inayotengenezwa na kampuni ya Shimano, utaratibu wa kuzunguka bure ni sehemu ya habu yenyewe na beringi ya upande huo iko nje, karibu na fremu. Ekseli hushikwa panapostahili. Kwa anayebeba mzigo milimani, badiliko hili linazidi thamani ya mengine yote yatakayotajwa hapa.

Kuhamia kaseti hakulazimishi kubadilisha mfumo wote wa gia. Kaseti ya gia 7 huingia kwenye habu ya Shimano iliyoundwa kwa gia 8, 9 au 10 ikiwekewa nyuma yake pete ya milimita 4.5. Swichi za gia, mnyororo na derela (kifaa kinachohamisha mnyororo) vinaweza kubaki vilevile, ikiwa havijachakaa. Mnyororo uliolegea kwa uzee hubadilishwa pamoja na kaseti, vinginevyo utaila kaseti mpya upesi.

Beringi ni za aina mbili. Gololi zisizofungwa, za inchi 1/4 nyuma na kwa kawaida inchi 3/16 mbele, hutengenezwa na fundi yeyote: huoshwa kwa mafuta ya taa, hupakwa grisi mpya na kukazwa upya. Beringi zilizofungwa huzuia matope vizuri zaidi, lakini zikifa hutolewa na kuwekwa nyingine. Kabla ya kununua habu ya namna hiyo ni busara kusoma namba iliyochapwa kwenye beringi na kuhakikisha maduka ya beringi za mashine na pikipiki mjini Kisii yanayo. Ikiwa hayana, gololi za kawaida ni chaguo bora, hata kama muuzaji anazisifu zile nyingine.

Rimu ya chuma iliyopakwa kromu haifai kwa breki za raba katika nchi ya mvua. Inapolowa, raba huteleza juu yake na baiskeli husimama mbali zaidi kuliko mwendeshaji alivyokusudia. Kwenye mteremko jambo hilo ni la hatari. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi ikiwa imelowa, nayo ni nyepesi. Kati ya rimu za alumini, zenye ukuta mmoja hupinda kwa urahisi zikigonga jiwe, ilhali zenye kuta mbili zina uwazi ndani unaozipa ugumu. Kuzitambua ni rahisi: mkanda wa ndani ukiondolewa, vichwa vya nipeli (nati zinazoshika spoki kwenye rimu) vya rimu ya kuta mbili huonekana vimezama kwenye matundu. Upana wa ndani wa milimita 19 hadi 25 unatosha kwa tairi za inchi 1.95 hadi 2.25.

Spoki hupuuzwa kwa kuwa ni nyembamba, na hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na wengine. Gurudumu husimama kwa sababu spoki zake zote zimevutwa kwa nguvu. Zikivutwa vya kutosha na kwa usawa, kila moja hulegea kidogo tu inapopita chini na kurudi katika mvuto wake. Zikiwa legevu, kila mzunguko hukunja na kunyoosha chuma pale spoki inapopinda kuingia kwenye habu, mpaka ikachoka na kukatika. Spoki inayokatika mara kwa mara katika mahali hapo ni dalili ya ulegevu zaidi kuliko ya ubovu wa chuma, na kuweka nyingine bila kukaza gurudumu zima kunaahirisha tu kukatika kwa inayofuata. Spoki 36 za milimita 2.0, zisizoshika kutu, zikisukwa kila moja ikipishana na nyingine tatu, zinafaa nyuma kwa mizigo ya huku. 32 zinatosha mbele, na hata nyuma kwa asiyebeba mzigo. Idadi ya matundu ya habu lazima ilingane na ya rimu.

Mnunuzi anaweza kupima kazi ya fundi bila kifaa. Spoki mbili zilizo sambamba hubanwa kwa mkono kuzunguka gurudumu lote, na ile jozi inayolegea kuliko nyingine hujulikana mara moja. Spoki zikipigwa kwa kidole, za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Upande wa mnyororo huwa na sauti ya juu zaidi kwa kuwa spoki zake zimevutwa zaidi, na hilo si kosa. Gurudumu likizungushwa, rimu isicheze pembeni kupita milimita moja ikiwa breki ni za raba.

Gurudumu zima la mtumba huwa nafuu kuliko rimu, habu na spoki mpya vilivyonunuliwa kimoja kimoja, mradi likaguliwe. Nyufa ndogo hutokea kwenye matundu ya nipeli. Rimu yenye ufa isinunuliwe kwa bei yoyote. Kuta za breki zikiwa zimebonyea kwa ndani zinapopapaswa, mchanga na raba zimekwisha kuzila, na rimu inaweza kupasuka ikiwa na upepo. Ekseli ikishikwa na kuzungushwa kwa vidole, isikwaruze wala isicheze. Ikiwa habu ni nzuri na rimu imekwisha, fundi anaweza kuisuka habu hiyo kwa rimu mpya. Kuagiza magurudumu ng'ambo huonekana rahisi mpaka nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 vinapoongezwa.

Kuhusu tairi, njia za udongo zinahitaji meno yaliyoachana ili matope yadondoke, na anayetumia zaidi lami ya Kisii hadi Keroka atafurahia meno mafupi yaliyokaribiana katikati. Upana usizidi nafasi iliyopo kwenye fremu, kwani matope nayo yanahitaji pa kupita. Valvu nene, ileile ya pikipiki, ni bora kuliko nyembamba ya baiskeli za mbio, maana karibu kila kituo cha bodaboda kina mtu wa kujaza upepo. Tairi zisizo na tyubu huziba matundu ya miiba zenyewe kwa maji maalumu, lakini maji hayo hukauka na lazima yaongezwe. Kwa bajeti ndogo, viraka na gundi vinatosha.

Pesa zikiwa chache, mpangilio unaofaa ni kuanza na fundi: kukaza spoki za zamani, kuweka gololi na grisi mpya, kubadilisha raba za breki. Baiskeli nyingi zinazodhaniwa kuhitaji magurudumu mapya hupona hapo. Kisha tairi. Ndipo gurudumu la nyuma lenye kaseti na rimu ya kuta mbili, na la mbele lingoje. Linabeba kidogo na hudumu.

Gurudumu lililosukwa upya hujikalisha katika siku za kwanza za matumizi, na baadhi ya spoki hulegea. Lirudishwe kwa fundi likazwe tena, kazi fupi ambayo wengi huiacha na ndiyo inayoamua umri wake. Mashine za kuoshea pikipiki kwa maji ya nguvu zisielekezwe kwenye habu, kwa sababu maji huingia na kuitoa grisi. Changarawe zilizojibana kwenye raba za breki zichokolewe kwa msumari baada ya safari ya matope. Habu za gololi zifunguliwe na kupakwa grisi kabla ya masika ya Machi na tena mvua zikipungua, na rimu itakapoisha kuta, ibadilishwe kwa nyingine ya muundo uleule ili spoki zilezile, ikiwa bado nzima, zitoshee.