Wifi Kamaliza Kidato cha Nne, Nani Amchagulie Maisha?

Kama mmeoana miaka ya karibuni na wote wawili mna kazi, sitashangaa kusikia kwamba nyumbani kwenu kuna mtoto ambaye hamkumzaa. Anaweza kuwa mdogo wa mume, binti wa shangazi, au yule mpwa aliyekuja "kusalimia tu" huku kabeba begi la kukaa miaka minne. Ada mnalipa nyie, madaftari mnanunua nyie, na siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, simu ya kwanza inapigwa kwenu.

Mimi wangu ni wifi. Alikuja kwetu hapa Songea, mtaa wa Msamala, akitokea Mbinga kwa mama mkwe, na tumeishi naye tangu kidato cha kwanza. Matokeo yake yalipotoka Januari tulifurahi wote: divisheni ya pili, pointi 19. Biolojia B, Jiografia B, Kiswahili B, Kemia C, Kiingereza C, Uraia C, Fizikia D, Hisabati D. Kwa shule ya kata ya kutwa, mtoto anayetembea kwa mguu asubuhi na baridi ya huku kwetu, huo si mchezo.

Furaha ilidumu hadi saa mbili usiku. Mume wangu alifunga simu yake, akasema, "PCB. Huyu ni daktari." Akampigia mama Mbinga kumpa habari, na mama akapiga vigelegele mpaka nikavisikia nikiwa jikoni. Wifi mwenyewe alikuwa anaosha vyombo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Daktari wa ukoo

Kila ukoo unataka daktari wake, hilo nalielewa. Kwa mume wangu lakini kulikuwa na jambo la zaidi. Yeye alisoma sekondari enzi za MMES, ule mpango wa kuanzia 2004 hadi 2009 uliojaza shule za kata nchi nzima kwa haraka. Madarasa yalikuwepo, maabara haikuwepo. Majaribio ya Kemia aliyaona yamechorwa ubaoni kwa chaki. Alipofika kidato cha tatu akaacha Fizikia na Kemia, kama walivyofanya wenzake karibu wote. Leo ni ofisa mwenye heshima zake, anavaa tai, lakini mpeleke hospitali umwangalie anavyowatazama wale vijana wenye koti jeupe.

Kwa hiyo nikamwambia, tukiwa wawili chumbani na si mbele ya dada yake: "Baba, huyu mtoto unamsomesha yeye au unajisomesha wewe?" Alinuna siku mbili. Dada zangu, swali kama hilo usilitoe siku ambayo bado hamjala. Lakini kuliuliza ni lazima, kwa sababu ndoto iliyokufa ya kaka ikivalishwa dada, atakayebanwa na mshono ni dada.

Siku ya tatu tukakaa mezani na kalamu. PCB ni miaka miwili ya kidato cha tano na sita. Kuna JKT kwa mujibu wa sheria hapo katikati. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Hesabu hiyo inapita miaka minane, na ni kama hakuna kilichokwama. Kwa mfumo wenyewe, wifi angeweza kuchaguliwa PCB hata na ile D ya Fizikia, maana sharti kubwa la kwenda kidato cha tano ni masomo matatu kwa kiwango cha A, B au C, naye anayo sita. Ila kuchaguliwa si kufaulu. Kwenda PCB na D ya Fizikia ni kupanda Matogoro na ndoo ya maji kichwani. Wapo wanaofika, sikatai. Muulize mbebaji kwanza kama anataka kupanda.

Tukaja kwenye mifuko yetu. Sisi wote wawili tulisoma kwa mkopo wa Bodi, na kila mwezi inakata asilimia 15 ya mishahara yetu ya msingi. Nyie wenzangu mnajua ile safu kwenye hati ya mshahara inavyouma. Ni kweli ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, na hilo limetupunguzia mzigo. Lakini nauli, godoro, sare na pesa ya matumizi kwa mtoto anayeweza kupangiwa Tabora au Kagera havijafutwa na mtu.

Mlango unafungwa mapema

Naomba mnisikilize hapa, hasa nyie wenye wadogo walio kidato cha pili sasa hivi. Wengi tunaamka mtoto akishamaliza cha nne, tunaanza kukimbizana na fomu za machaguo, zile wanafunzi wanaziita selform. Tunakuwa tumechelewa. Kwa mtaala alioufuata wifi, uamuzi mzito ulifanyika pale alipoingia kidato cha tatu, alipoulizwa kama anaendelea na Fizikia na Kemia au anaziacha. Akiiacha Kemia siku hiyo, famasi, uuguzi, utabibu na maabara vyote vimeondoka naye, na mwenyewe hajui. Ana miaka 15 na anafikiri amekwepa somo gumu tu.

Kwa walioanza kidato cha kwanza Januari 2024 chini ya mtaala mpya, uamuzi umesogea mapema zaidi: kuna mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, ambao mtoto anajifunza fani huku akisoma sekondari. Ndiyo maana kusubiri cheti ndipo muanze kuongea ni kimeo.

Na wale wa kwenda kidato cha tano nao menyu yao imekuwa ndefu. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, kati yake 49 zikiwa mpya, zimegawanywa katika makundi saba: sayansi, lugha, biashara, sayansi ya jamii, michezo, sanaa na elimu ya dini. Sisi tulikuwa na PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL na ndugu zao wachache, na bado tulichanganyikiwa. Leo mtoto anapewa orodha ya 65 na mwalimu mmoja wa ushauri ambaye papo hapo ana vipindi vya kufundisha, ni mlezi wa bweni na ndiye anayesimamia mpira. Nilikwenda kumwona wa shule moja hapa mjini. Alikuwa muungwana sana, tukaongea dakika kumi tumesimama barazani, nje ya mlango wanafunzi kama thelathini wakimsubiri. Simlaumu. Ila nilirudi nyumbani nikijua kwamba kazi iliyobaki ni ya kwetu.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia jinsi serikali ilivyokuwa inapanga nguvukazi: sekondari zilikuwa na michepuo yake, huu wa kilimo, ule wa ufundi, wa biashara au sayansi kimu, na ukihitimu unapangiwa pa kwenda. Hukuulizwa moyo wako unasemaje, lakini kazi uliipata. Hata ualimu, mpaka kama mwaka 2015 mhitimu alikuwa anasubiri kituo tu. Sasa ni usaili. Mwanzoni mwa 2025 waombaji wa ualimu walikuwa zaidi ya 200,000, wakigombea nafasi zisizofika 15,000. Bado kuna wazazi wanamwambia mtoto "chukua ualimu, ajira ya uhakika." Jamani!

Jumamosi ya kuzunguka mji

Nilichofanya baadaye hakikugharimu chochote zaidi ya nauli ya bajaji na soda. Nilimwambia wifi tutoke Jumamosi, twende tukaone watu wakiwa kazini. Mtoto wa Songea anaziona kazi ngapi? Mwalimu, nesi, polisi, mkulima, bodaboda, na yule tajiri wa mahindi mwenye Fuso. Mkoa wetu ni ghala la chakula la nchi, kahawa ya Mbinga inanywewa ng'ambo, malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita hapa mjini, na nyuma ya kila gunia na kila lori kuna mtu anayepima, anayekagua, anayeandika hesabu, anayetengeneza mizani. Mama mkwe kalima kahawa maisha yake yote na hakuwahi kusikia kwamba kuna mtu analipwa kwa kuionja. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini.

Tulimwona nesi mmoja akitoka zamu ya usiku. Hakumpamba: alivua kiatu akamwonyesha wifi mguu ulivyovimba, kisha akamsimulia mtoto aliyezaliwa saa kumi alfajiri. Tulimwona dada mpima ardhi, kaungua jua, ana gari la kazi na maneno mengi. Siku nyingine tukafika Peramiho, mwendo wa kama kilomita 24. Wabenediktini waliofika pale mwaka 1898 walikuja na desturi ya kwao Ujerumani ya kijana kujifunza kazi mikononi mwa fundi, na karakana zao zimelea maseremala na mafundi wa Ruvuma kwa vizazi. Huko Ujerumani mpaka leo mwanafunzi wa sekondari anapelekwa wiki mbili hivi kiwandani au ofisini aonje kazi kabla hajachagua. Sisi tunachagua kwanza, kuonja baadaye.

Tukiwa tunarudi ndani ya daladala, ndipo wifi akasema. Si kwa kutangaza, alisema huku anaangalia dirishani: "Wifi, mi napenda kule kwa mama wa dawa." Kumbe likizo zote za miaka minne, nikidhani yuko kwa rafiki yake, alikuwa anakaa kwenye duka la dawa la jirani yetu anamsaidia kufagia na kupanga maboksi. Anajua ipi inakaa mbali na jua. Anajua kwa nini mgonjwa aliyeandikiwa siku saba hauziwi vidonge vya siku mbili.

Hilo duka lenyewe lina historia. Mwaka 2003 Ruvuma ndiyo ilikuwa mkoa wa kwanza Tanzania kujaribu mpango wa Duka la Dawa Muhimu, kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi ambayo mwenye duka alikuuzia chochote mradi una hela. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, na baadaye mpango ukasambaa mikoa mingine. Yaani kazi anayoipenda huyu mtoto ilijengwa upya hapahapa kwetu, na sisi tulikuwa tunatazama Muhimbili.

Hesabu ya pili

Tukarudi mezani, safari hii tukiwa watatu. Stashahada ya famasi ni miaka mitatu kutoka kidato cha nne, na sharti ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia yakiwemo. Anayo. Akimaliza ni mteknolojia dawa, na akiwa na wastani mzuri anaweza kuomba shahada akawa mfamasia kamili. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na afya ni mojawapo ya fani zilizopewa kipaumbele. Vyuo vinatofautiana sana kwa ada, na matapeli wapo, kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET na kozi yenyewe imetajwa, si jina la chuo tu.

Mume wangu aliuliza maswali mengi, mengine ya kukomoa. Wifi aliyajibu. Alipoulizwa "na ukichoka?" akasema, "Kaka, kwenye Fizikia nimeshachoka tayari." Tukakubaliana: famasi iwe chaguo la kwanza, CBG iwe ya akiba, na sisi tutatoa kiasi fulani kwa mwezi ambacho wote wawili tumekiandika na kukisaini, hakipandi kwa simu ya mtu. Mnaosomesha ndugu mtanielewa. Ada ya mtu wa tatu inayoamuliwa na mmoja gizani nayo ni mchepuko, mwisho wake unaujua.

Aliyebaki ni mama mkwe. Nilimwachia mume wangu ampigie mwenyewe, maana habari kama hiyo ikitoka kwa mke wa mtoto inabadilika jina njiani. Alimweleza kwa Kimatengo muda mrefu, mimi naambulia neno mojamoja. Kisha akaweka simu sauti ya juu. Mama akauliza, "Na huko nako wanavaa koti jeupe?" Wanavaa, mama.

Majibu ya maombi bado tunasubiri. Kwa sasa wifi anashinda kwa jirani Jumatatu hadi Ijumaa. Dawa hagusi kumpa mteja, haruhusiwi, ila amekabidhiwa daftari la tarehe za kuisha muda na analitunza kuliko simu yake. Juzi kaka yake alimpitia jioni wakarudi pamoja kwa miguu. Nilikuwa kibarazani nachambua mboga, nikamsikia mume wangu akiuliza kwamba amoksilini ni nini hasa, na wifi akimweleza, njia nzima mpaka getini.