Kasoro Imetoka Wapi? Utangulizi wa Kupiga na Kuhariri Picha za Ndege

Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, jimbo la North Carolina nchini Marekani, Orville Wright alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akaielekeza pale alipotarajia ndege waliyoiunda yeye na kaka yake Wilbur inyanyuke, kisha akamkabidhi John T. Daniels mpira wa kubinya. Daniels alikuwa mwokoaji katika kituo cha jirani cha kuokoa watu baharini. Kupiga picha haikuwa kazi yake. Chombo kikanyanyuka, kikakaa hewani sekunde 12, kikatua futi 120 mbele. Daniels alikuwa amebinya. Kioo kilichobeba picha kilisafishwa baada ya ndugu hao kurejea nyumbani Dayton, na ndipo ilipojulikana kwamba picha imepatikana.

Anayeanza ana haki ya kufarijika: moja ya picha za ndege zinazojulikana zaidi duniani ilipigwa na mtu asiye na ujuzi wa kamera. Lakini iangalie vizuri. Ndege haikubanwa na kingo, Wilbur anaonekana mzima upande wa kulia akiwa ndiyo kwanza ameliachia bawa, na reli waliyoitumia kuondokea imeachwa mbele ili tuone chombo kilikotoka. Hayo yote yaliamuliwa na Orville kabla hajapanda. Daniels alichagua sehemu ya sekunde tu.

Ukweli huo, kwamba mengi huamuliwa kabla ya kubonyeza, ndio mlango wa fani hii. Wengi wanaoanza hudhani picha nzuri ya ndege hutengenezwa kwenye kompyuta, na kwamba aliyeshindwa uwanjani ataokolewa na programu. Wengine, kinyume chake, huona kuhariri ni udanganyifu. Kwa maoni yangu wote wameanzia pabaya. Kuhariri ni kazi ya uchunguzi: unaiona kasoro, unauliza imetoka wapi, na jibu ndilo linalokuambia kama inatibika, inapunguzika, au picha iwekwe kando. Kasoro za picha za ndege zina asili tatu: zinazotokea hewani kabla mwanga haujafika kwenye lenzi, zinazotokea ndani ya kamera, na zile tunazoziongeza wenyewe mezani tunapohariri.

Tuanze na hewa, kwa kuwa ndiyo isiyosamehe. Lami ya uwanja ikishapata jua, hewa iliyo juu yake hupata joto kwa viwango tofauti, na kila tabaka huupinda mwanga kwa namna yake. Ndege iliyo mbali upande wa pili wa njia ya kurukia hutoka ikiwa na madirisha yaliyopinda na maandishi yanayotetemeka. Anayeanza huona picha haikukaza, akaongeza ukali. Matokeo yake ni mtetemo ulionolewa. Hakuna programu inayojua dirisha lilikuwa wapi hasa. Dawa yake iko nje ya kompyuta: fika mapema asubuhi, sogea karibu kadiri unavyoruhusiwa, au ingoje ndege inyanyuke juu ya lile tabaka la joto.

Jua nalo lina kanuni zake katika ukanda wetu. Dar es Salaam na Nairobi, kufikia saa nne asubuhi jua limeshapanda sana, mgongo wa ndege unawaka na tumbo liko gizani. Isitoshe, mwezi Juni jua la mchana hukaa kaskazini, na Desemba hukaa kusini, kwa hiyo upande wa uwanja unaokupa mwanga mzuri leo unaweza kukupa kivuli miezi sita ijayo. Kivuli cha tumboni, tofauti na mtetemo wa joto, kinapunguzika wakati wa kuhariri, ilimradi kamera imehifadhi kitu ndani yake.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye asili ya pili. Kamera haijui kwamba inatazama ndege. Ikiachiwa ijiamulie, hupima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuufikisha kwenye ukijivu wa kati. Ndege nyeupe ikipita mbele ya mawingu meupe, kamera huona mwanga umezidi, inaupunguza, na ndege inatoka kijivu kama ya kivita. Mpiga picha mzoefu huongeza mwanga kidogo kabla ya kubonyeza, kisha huitazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kutoka kwenye weusi hadi kwenye weupe. Mchoro ukigonga ukuta wa kulia, weupe umeungua. Mistari ya paneli na misumari iliyokuwa kwenye bodi ya ndege haipo tena katika faili, na hakuna wa kuirudisha.

Ndiyo maana wanaoichukulia fani hii kwa uzito hupiga katika mfumo ghafi, RAW. Faili la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Unapofungua kivuli cha chini ya bawa kwenye JPEG, ngazi chache zilizopo hutawanyika na picha hujaa chenga. Kwenye faili ghafi bado kuna akiba ya kuchota.

Sasa tuingie kwenye somo lenye utamu zaidi kuliko yote, ndege za pangaboi. Ukiipiga ndege ya jeti kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde hakuna atakayelalamika. Ukiipiga Cessna Caravan kwa 1/2000, pangaboi linaganda, na ndege iliyo hewani inaonekana kama imezimika. Hesabu yake ni rahisi. Wakati wa kuruka, pangaboi la Caravan huzunguka mara 1,900 kwa dakika, karibu mara 32 kwa sekunde. Katika 1/2000 ya sekunde limesogea nyuzi zisizofika sita. Jicho haliuoni mwendo huo. Katika 1/125 limesogea nyuzi 91, yaani robo ya mzunguko, na mwendo unaonekana. ATR 72 ya kisasa ni nzuri zaidi kwa hesabu hii: pangaboi lake lina panga sita zilizoachana nyuzi 60, nalo huzunguka mara 1,200 kwa dakika wakati wa kuruka. Kwa 1/125 kila panga husogea nyuzi 58, karibu kabisa kufika mahali pa mwenzake, na unapata duara linalokaribia kujaa.

Lakini uamuzi huo mmoja una watoto. Katika jua kali, ukiwa umeweka wepesi wa kamera kwa mwanga, yaani ISO, kwenye 100, kasi ya 1/125 inakulazimisha kuziba tundu la lenzi hadi f/16 hivi. Tundu likiwa dogo namna hiyo, kila punje ya vumbi iliyoko mbele ya kihisi cha kamera huchora kivuli chake, na anga la buluu linatoka na madoa ya kijivu. Tundu dogo pia huulegeza ukali kidogo kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita kwenye upenyo mwembamba. Na shata ikiwa ya polepole, mkono usioifuata ndege kwa mwendo ulio sawa huifanya bodi nzima kufifia. Kasoro tatu zimezaliwa na sababu moja, na kila moja ina hukumu yake: vumbi linafutika, ulegevu wa tundu hunoleka kiasi, mkono uliotetemeka hautibiki. Ukiielewa familia hii, utajua kwa nini wapiga picha wengine hufunga kioo cheusi mbele ya lenzi ili kuupunguza mwanga bila kuliziba tundu.

Wanaotumia simu wana tatizo lao. Kihisi cha simu kwa kawaida husoma picha mstari kwa mstari, na katika muda huo pangaboi limeshahama. Panga zinatoka zimepinda, wakati mwingine zimeachana na kitovu. Hili si jambo geni. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyekuwa hajatimiza miaka kumi alipompiga picha Gabriel Voisin akijaribu kuruka na chombo kisicho na injini mwaka 1904, aliacha baadaye picha mashuhuri ya gari la mashindano ambalo gurudumu lake limeinama kama yai. Shata ya kamera yake ilikuwa mwanya uliokuwa ukipita mbele ya kioo, na gari lilisogea huku mwanya ukipita. Zaidi ya miaka mia imepita, na kanuni ni ileile.

Asili ya tatu ni sisi wenyewe. Tuchukue picha moja, Caravan inayogusa ardhi Zanzibar saa mbili asubuhi, na tuifuate mezani. Kwanza inyooshwe. Usiamini mabawa, kwani yameundwa yakipanda kuelekea ncha. Usiiamini sana njia ya kurukia, kwani inaweza kuwa na mteremko. Tafuta kilichosimama wima karibu na katikati ya picha, nguzo ya taa au kona ya jengo, ukitumie kama timazi. Kisha punguza kingo: ndege ipate nafasi, mkia usiguse ukingo, na mbele ya pua paachwe uwazi kidogo wa kuelekea. Ndipo uje kwenye mwanga, ukifungua vivuli kwa kiasi. Tumbo la ndege lina haki ya kuwa na kivuli. Ukilifanya jeupe sawa na mgongo, jua litaonekana limetoka chini.

Rangi inahitaji subira hiyohiyo. Bodi nyeupe hupokea rangi ya ardhi iliyo chini yake, hivyo tumbo lina ukijani wa nyasi au wekundu wa udongo. Hiyo si kasoro, ni ushahidi wa mahali. Sawazisha weupe kwa kutazama sehemu inayopokea jua moja kwa moja, uliache tumbo lilivyo. Baada ya hapo tafuta vumbi: pandisha utofauti wa mwanga kupita kiasi kwa muda, hadi anga lionekane la kutisha, na madoa yaliyojificha yatajitokeza yenyewe. Yafute, kisha urudishe utofauti ulipokuwa. Chenga za angani zilainishwe, za kwenye bodi ziguswe kidogo sana, kwani humo ndimo yalimo maandishi ya usajili.

Kunoa huja mwisho, baada ya picha kupunguzwa hadi ukubwa itakaotumika. Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta: katika chumba cha giza, mafundi walikuwa wakilaza nakala iliyofifishwa juu ya negativu ili kingo zijitokeze. Programu hufanya hesabu inayofanana, ikiongeza tofauti pale giza linapopakana na mwanga. Ikizidishwa, utaona uzi mweupe ukiizunguka ndege na vingazi vidogo kwenye mstari wa rangi uliopaswa kunyooka. Wakaguzi wa hifadhi kubwa za picha za ndege kama JetPhotos na Airliners.net huzikataa picha za namna hiyo, sawa na zilizoinama au zenye madoa. Kukataliwa huko kuna faida kwa mwanafunzi, kwa sababu kila sababu inayotajwa inakurudisha kwenye asili mojawapo kati ya zile tatu.

Mpaka wa kuhariri uko wapi? Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, Reuters iligundua kwamba mpiga picha wake mmoja wa kujitegemea ameongeza moshi katika picha ya Beirut. Picha yake ya pili ilikuwa ya ndege ya kivita aina ya F-16: mwako mmoja wa kinga uliodondoshwa na ndege ulikuwa umenakiliwa hadi ikawa mitatu. Shirika likaondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Vumbi la kwenye kihisi halikuwepo angani, kwa hiyo kulifuta ni kuikaribia kweli. Mwako wa pili na wa tatu nao haukuwepo, na kuuongeza ni kuikimbia. Nguzo inayokukera nyuma ya mkia ilikuwepo. Ihame wewe, usiifute.

Kuna mpaka mwingine pia, wa ruhusa. Novemba 2001 wapenzi wa ndege kutoka Uingereza na Uholanzi walikamatwa Kalamata, Ugiriki, kwa tuhuma za upelelezi, wakahukumiwa mwaka uliofuata, na wakaachiwa huru katika rufaa baadaye mwaka huohuo. Viwanja vingi vya kwetu vinatumiwa pia na majeshi. Waulize wenye uwanja kabla ya kuinua lenzi ndefu.

Kwa nini kujitaabisha hivi? Kwa sababu picha ya ndege hugeuka kuwa kumbukumbu mapema kuliko tunavyodhani. Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977. Anayetaka leo kujua ndege zake zilipakwa rangi gani hutegemea sana picha za wakati ule, nyingine zikiwa zimepauka, na hawezi kuzirekebisha bila kujiuliza ni kipi kilichopauka na ni kipi kilichokuwa hivyo tangu mwanzo. Anayeandika historia ya ndege zetu za leo atakuwa na maswali hayohayo juu ya picha zako.

Basi karibu, na uanze hivi. Chagua picha yako moja unayoona imeshindikana. Kabla ya kufungua programu, andika kasoro zake zote na mbele ya kila moja uweke asili yake: hewa, kamera, au meza. Tibu zinazotibika, ziache zisizotibika, na zile za hewa uzipangie saa nyingine ya kurudi uwanjani. Faili la asili lihifadhi bila kuligusa, pamoja na tarehe, mahali na namba ya usajili, iwe inaanza na 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya au 5X ya Uganda. Ujuzi wako ukikua utataka kuihariri upya, na utaikuta ikikusubiri nzima.