Soko la maazimio ya kazi na gharama yake Korbesa

Kila muhula unapokaribia, biashara moja hupamba moto katika makundi ya WhatsApp na Telegram ya walimu wa Kenya: uuzaji wa maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi za kazi zilizokwisha kuandikwa. Mnunuzi hutuma pesa kwa M-Pesa, muuzaji hutuma faili. Hakuna pango la duka wala gharama ya kupiga chapa, na faili moja linaweza kuuzwa hata mara mia.

Soko hili limenenepeshwa na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 na kufika sekondari msingi mwaka 2023. Mwalimu aliyezoea masomo mawili hujikuta akibebeshwa manne au matano, na kila moja linadai karatasi zake. Simlaumu anayenunua. Linaloniuma ni kwamba analipia kitu ambacho msingi wake umewekwa wazi bila malipo.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, hutoa miundo ya mtaala ya kila gredi kwenye tovuti yake. Mada, matokeo yanayotarajiwa, maswali dadisi na vigezo vya tathmini vyote vimo humo, na hayo ndiyo muuzaji anayapanga upya katika majedwali. Taasisi hiyo pia ina Kenya Education Cloud, hazina ya vitabu, video na vipindi vya redio, pamoja na Elimika, jukwaa la kuwafunza walimu mtandaoni. Nje ya serikali kuna TESSA ya Open University ya Uingereza, yenye nyenzo za walimu hata kwa Kiswahili, na African Storybook, yenye hadithi ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzitafsiri na kuzichapisha. Nako Tanzania, Taasisi ya Elimu imefungua Maktaba Mtandao.

Sasa tuipeleke hazina hiyo Korbesa, katika kaunti ndogo ya Merti, kaunti ya Isiolo, kwa wafugaji wa Kiborana wa ukanda wa mto Ewaso Nyiro. Chukua somo la Kilimo. Andalio lililoandikwa na mwalimu wa Nyeri linaweza kuwataka wanafunzi watembelee shamba la kahawa na kuorodhesha zana zake. Mtoto wa Korbesa anajua mbuzi, ngamia, kisima na malisho ya kiangazi. Matokeo yanayotarajiwa yanaweza kubaki yale yale, lakini shughuli, mifano na maswali sharti yaandikwe upya. Kazi hiyo haiuzwi na mtu yeyote kwenye Telegram. Anaiweza mwalimu aliye darasani, akiwa na muundo wa mtaala mkononi na saa moja ya utulivu.

Mafunzo nayo yana bei yake. Mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilizindua mpango wa kuendeleza walimu kitaaluma kupitia vyuo vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara, pamoja na taasisi ya serikali ya KEMI. Ada ilitajwa kuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kwa moduli sita za miaka mitano kila moja. Hiyo ni shilingi 180,000 kwa miaka 30, na vyama vya walimu vilipinga. Mwalimu wa mashambani huongeza juu yake bando la kusomea.

Intaneti ya setilaiti imeanza kupunguza makali hayo. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata ikatangaza kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi. Hata hivyo, mtambo wenyewe bado ni mzigo kwa shule ndogo.

Njia ninayoiamini zaidi haihitaji bando la kila siku. Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi. Masomo hupakuliwa mara moja penye mtandao, kisha simu za walimu huunganishwa na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi ya shuleni bila intaneti. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti jirani ya Garissa, Vodafone Foundation na UNHCR walianza mwaka 2013 kuweka madarasa yenye tableti, umeme wa jua na setilaiti. Kama imewezekana kambini, Isiolo haina udhuru.

Tena vifaa vingine vilishanunuliwa. Mpango wa kidijitali wa serikali wa mwaka 2016 ulipeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi nchini: tableti za wanafunzi, laptopu za walimu, projekta na kisanduku cha kuhifadhia maudhui. Shule nyingi zilivifungia stoo kwa kukosa umeme au kwa kuogopa wezi. Mwalimu mkuu ambaye bado anavyo avitoe, avikague, na kabla ya muhula kufunguliwa ampe mtu anayeelekea Isiolo mjini laptopu moja irudi imejazwa miundo ya mtaala ya gredi zote.