Maji ya mgongo na siri za kemia ya ubongo

Wengi tunayajua maji ya uti wa mgongo kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo: daktari hudunga sindano kiunoni, akakinga matone machache, maabara ikatafuta vijidudu. Maji hayohayo hutumika pia kukadiria asidi amino za ubongoni, ambako ni vigumu kupima moja kwa moja bila kufungua fuvu. Makadirio hayo yanaaminika, mradi tujue ni swali gani yanajibu.

Chukua ugonjwa wa kurithi ambamo mwili hushindwa kuvunja glisini, mojawapo ya asidi amino hizo. Ndani ya siku chache kichanga hulegea, hushindwa kunyonya, hupata degedege, pengine na kwikwi zisizokoma. Damu peke yake haitoshi kuuthibitisha, kwani yako magonjwa mengine yanayopandisha glisini ya damu. Kwa hiyo sampuli za damu na za maji ya mgongo huchukuliwa kwa wakati mmoja, kisha kiasi cha kwenye maji kikagawanywa kwa kile cha kwenye damu. Kwa mtoto asiye na ugonjwa huo jibu huwa karibu 0.02; likizidi 0.08, ugonjwa hushukiwa sana. Damu kidogo tu ikiingia kwenye maji wakati wa kudunga, hesabu inaharibika, kwa kuwa damu ina glisini nyingi zaidi.

Kuna wanaopinga, na wana hoja. Asidi amino nyingine, glutamati, iliyomo ndani ya seli za neva huzidi ile ya maji ya mgongo zaidi ya mara elfu moja, na ikimwagwa kati ya neva hufyonzwa papo hapo. Isitoshe, kiuno kiko mbali na ubongo. Ni kweli, na ndiyo maana binafsi nisingekubali kipimo hiki kitumike kueleza huzuni au usahaulifu wa mtu. Lakini kimeng'enya cha kuvunja glisini kikikosekana katika ubongo mzima, umbali huo haufichi tatizo. Hata mashine ya MRI, inayoweza kusoma baadhi ya kemikali bila sindano, hupata shida kuitenga glisini na kemikali jirani.

Hoja ya kupima maji ya mgongo inakuwa nzito zaidi kwenye upungufu wa kurithi wa serini, asidi amino nyingine. Mtoto akishakula, serini ya damu inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, huku ya maji ya mgongo ikiwa chini. Wagonjwa hao hupewa serini ya kumeza, na degedege huweza kutulia.