Cheti cha Ukaguzi Kabla ya Kununua Gari Yadini

Muuzaji wa yadi, awe Mombasa au Nairobi, hakosi kukuambia kwamba gari "lina karatasi zote". Mojawapo ni cheti cha ukaguzi, kile kinachothibitisha kuwa gari linafaa kuwekwa barabarani. Wanunuzi wengi huonyeshwa muhuri wakatosheka. Mimi nakuomba ukishike mkononi ukisome kabla hujalipa hata malipo ya awali, maana humo mna tarehe, namba ya chesisi na kilomita, na vitu hivyo vitatu vinaweza kukuokolea pesa nyingi.

Kwa gari la Japani, ukaguzi hufanyika huko huko kabla halijapakiwa melini. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hutumia kiwango cha KS 1515: gari lisizidi umri wa miaka 8, usukani uwe kulia, na liwe limekaguliwa. Mkaguzi huangalia breki, taa, matairi, mikanda, usukani, kutu chini ya gari na uvujaji. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, kipimo cha mionzi nacho kiliongezwa.

Ukaguzi huo ni wa usalama. Giaboksi inayosita kuingia gia, injini iliyoanza kula oili, kiyoyozi kisichopoza: gari linaweza kuwa na kasoro zote hizo na bado likapewa cheti kihalali. Isitoshe, cheti kinaeleza hali ya siku moja tu. Gari likigongwa baada ya kutoka bandarini, likanyooshwa na kupigwa rangi, cheti kitabaki vile vile.

Kwenye kilomita ndipo pa kukaa sana. Japani, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita zake huandikwa. Rekodi hiyo huonekana kwenye cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Kiombe. Kiweke pamoja na cheti cha ukaguzi, kisha uwashe dashibodi. Tarakimu lazima ziwe zinapanda kadiri tarehe zinavyosogea. Baada ya ukaguzi wa kabla ya kupakiwa gari halina safari kubwa: ni kuingia melini na kutoka. Likiendeshwa kutoka Mombasa hadi Nairobi litaongeza kama kilomita 480. Kwa hiyo tofauti ya mia tano au sita ina maelezo. Cheti kikisema 112,000 na dashibodi ikasema 68,000, kuna mtu amezirudisha nyuma. Na dashibodi ikizidi cheti kwa maelfu, gari hilo limeshatembea humu nchini, hata kama unaambiwa limeshuka juzi.

Namba ya chesisi nayo isomwe pale ilipogongwa kwenye chuma chenyewe. Kibandiko hubanduliwa. Kwenye matairi tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umeshazeeka.

Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi kwa sababu macho ya mkaguzi hayaifikii. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017, ilikuwa na kilipuzi kinachoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Mfuko kama huo ukifyatuka, vipande vya chuma humrukia dereva. Toyota, Honda, Nissan na Mazda ni baadhi ya waliolazimika kuita magari yao warekebishe. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu, na magari yenye mifuko hiyo bado yanauzwa kutoka mkono hadi mkono. Watengenezaji wana kurasa za kutafutia magari yaliyoitwa kwa namba ya chesisi. Itafute ya gari lako kabla ya kununua.

Kama gari limeshatumika nchini miaka kadhaa, cheti cha Japani ni kumbukumbu tu. Lipeleke likakaguliwe upya. AA Kenya hufanya kazi hiyo, na fundi unayemwamini anaweza kuliinua na kuangalia bushi, shokapu na dalili za kuchomelewa. Fundi asiwe wa kupendekezwa na yadi.

Kisheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinamlinda anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, lakini ulinzi huo haugusi kasoro ambayo ungepaswa kuiona ulipokagua mwenyewe. Kwa hiyo mkataba utaje namba ya chesisi, kilomita za siku ya mauzo na tarehe ya cheti, tena useme malipo ya awali yatarudishwa ikiwa ukaguzi wako utagundua kasoro. Muuzaji akigoma kuandika kilomita, tafuta yadi nyingine.