Nadharia za biashara ya kimataifa hupimwa wapi?

Kampuni inayotaka kuvuka mpaka ianzie nchi jirani, au iende moja kwa moja kwenye soko kubwa la mbali? Swali hili linamhusu mwenye benki wa Nairobi sawa na mwenye kiwanda wa Stockholm. Wasomi wamelijadili kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya mjadala huo imo katika kurasa za Journal of International Business Studies, jarida ambalo wanataaluma huliita JIBS.

Jarida hilo lilianza kutoka mwaka 1970. Mwenye jarida ni Academy of International Business, chama cha wahadhiri na watafiti kilichoanzishwa Marekani mwaka 1959. Huchapisha tafiti kuhusu kampuni zinazofanya kazi katika nchi zaidi ya moja: zinavyoingia sokoni, zinavyochagua wabia, zinavyokabiliana na sheria na tamaduni za ugenini.

Makala haingii humo kwa jina la mwandishi. Mhariri huusoma mswada kwanza, na mingi hukataliwa hapohapo. Unaopita hupelekwa kwa wataalamu wengine wa fani hiyo, wao wasijue umeandikwa na nani, wala mwandishi asijue nani wanausoma. Huhoji takwimu zilikopatikana, na kama matokeo hayana maelezo mengine ambayo mwandishi hakuyafikiria. Mwandishi hujibu hoja moja baada ya nyingine kwa maandishi, hurekebisha, kisha hutuma upya. Mzunguko huo huweza kurudiwa zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, kuchapishwa hakumalizi mjadala. Mwaka 1977 Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha humo makala ambayo bado inafundishwa vyuoni. Walieleza kwamba kampuni hujifunza ugeni kwa vitendo. Huanza kuuza nje kupitia wakala, baadaye hufungua kampuni tanzu ya mauzo, na mwisho hujenga kiwanda. Huanzia pia kwenye nchi ambazo lugha, elimu na desturi zake za biashara haziko mbali na za nyumbani. Kadiri inavyolijua soko ndivyo inavyothubutu kuweka mtaji zaidi.

Mwaka 1994, katika jarida hilohilo, Benjamin Oviatt na Patricia McDougall walionyesha kampuni zisizofuata ngazi hizo. Zipo zinazozaliwa zikiwa tayari za kimataifa: mtaji nchi hii, wahandisi nchi ile, wateja kwingineko. Kwa kampuni kama hizo, kungoja uzoefu wa soko la nyumbani ni kupitwa na wakati.

Johanson na Vahlne hawakung'ang'ania msimamo wa zamani. Mwaka 2009 walirudi kwenye kurasa hizo na kuirekebisha nadharia yao. Kikwazo kikubwa, walisema, ni kampuni kuwa nje ya mtandao wa mahusiano wa wauzaji, wateja na wabia wanaoaminiana. Ugeni wa nchi peke yake haukutosha tena kueleza mambo.

Tuchukue benki ya KCB ya Kenya. Iliingia Tanzania mwaka 1997, Juba mwaka 2006, Uganda mwaka 2007, Rwanda mwaka 2008 na Burundi mwaka 2012. Anayesoma makala ya 1977 ataona benki iliyoanza na majirani. Anayesoma ya 2009 atauliza swali jingine: je, benki ilivutwa na ujirani, au na wateja wake wafanyabiashara waliokuwa tayari wanauza na kununua ng'ambo ya mpaka? Tarehe peke yake hazijibu. Mtafiti atalazimika kuwahoji waliofanya uamuzi, kupekua kumbukumbu za mikopo na kulinganisha na benki nyingine.

JIBS imejipima yenyewe pia. Mwaka 2017 Klaus Meyer, Arjen van Witteloostuijn na Sjoerd Beugelsdijk waliandika humo kuhusu tabia ya watafiti kusaka matokeo yanayovuka kizingiti cha kitakwimu, hasa kile cha 0.05, na kuyapamba kwa nyota kwenye majedwali. Waliwataka waandishi waache nyota hizo, watoe thamani halisi za vipimo, na waeleze ukubwa wa athari wanayodai. Matokeo yanaweza kuvuka kizingiti na bado yakawa madogo kiasi cha kutobadilisha uamuzi wowote wa meneja.

Ndiyo maana nalithamini jarida la namna hii. Linaweka madai hadharani pamoja na ushahidi wake, ili mwingine aje ayapinge kwa ushahidi bora. Mshauri akikuambia kwamba utafiti umethibitisha jambo, muulize ni kampuni zipi zilichunguzwa, katika nchi gani na miaka gani, na athari yenyewe ni kubwa kiasi gani. Nanyi wahadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, pelekeni kampuni zetu kwenye mjadala huu. Nadharia iliyojengwa kwa kampuni za Sweden haitajua kasoro zake kwetu mpaka sisi tuiletee ushahidi.