Jina ku mufuko ya bunga

Ku masoko ya Kolwezi na Likasi, bamama wengi wanauza bunga ya mahindi ndani ya mifuko isiyokuwa na jina. Bunga ni muzuri, lakini mukiliya akirudia kesho, atajua namna gani ni ya nani? Atakamata ya jirani.

Hapo njo marke inaanzia. Tafuta jina fupi, ile mutoto mwenye kutumwa ku soko hawezi kusahau. Bantu ya mupira wanajua nguvu ya jina: TP Mazembe yetu zamani iliitwa Englebert, marke ya mipira ya motokari, na kwa jina hiyo ilishinda kombe ya Afrika ku 1967 na 1968. Wazee wangali wanaitaja!

Lakini jina inashikiliwa na kilo. Ukiandika kilo 5, ipimike 5, hata mwezi mahindi inapanda bei. Siku kontra ya bwana ku mine itaisha, hiyo njo makuta ya nyumba.

Namba ya RCCM inapatikana ku Guichet Unique. Marke ni kintu ingine: inaandikishwa ku Ministère ya Industrie. Bila hiyo, jirani anaweza kutia jina yako ku mufuko yake.